Kabla ya bafu na bwawa, tengeneza njia

Swali: "Mimi na mwenzangu tuna ekari mbili za nyasi kando ya barabara inayoelekea ziwani. Magari ya kulala, yale wanayoyaita kempavani, yanapita kila siku, na baadhi ya wenyewe wameshatubishia hodi kuomba pa kulala. Tumeamua tufungue kambi ndogo. Fundi ametuchorea nafasi 25, jengo la bafu sita, jiko la pamoja na bwawa la kuogelea. Akiba yetu haifiki nusu ya gharama. Tukope, au kuna namna ya kuanza na kidogo tulichonacho?"

Jibu:

Msikope, na huo mchoro mrudishieni fundi. Si mchoro mbaya, ila ni wa mgeni mwingine. Bafu sita na jiko la pamoja ni vya mtu anayekuja na hema mgongoni. Mwenye kempavani amekuja na nyumba yake. Ndani ana kitanda, jiko la gesi, friji, taa zinazotumia betri ya volti 12, tangi la maji safi la lita 50 hadi 120, na mara nyingi kachoo kadogo. Jiko lenu la pamoja atalipita akienda kutupa takataka. Bwawa ataliangalia, na ziwa liko mbele yake.

Kuna vitu vitatu ambavyo gari hilo haliwezi kujibebea, hata liwe la bei gani: ardhi ngumu iliyo sawa, mahali pa kumwaga machafu, na maji safi ya kujaza. Cha nne ni usingizi. Pesa yenu yote ya mwanzo iende huko, na habari njema ni kwamba kazi hiyo ni ya koleo, kokoto na mabomba, si ya matofali.

Nianze na ardhi, kwa sababu hapo ndipo mimi mwenyewe nilipoaibika. Msimu wangu wa kwanza niliacha nyasi tupu, nikijivunia zinavyopendeza kwenye picha. Mvua ikanyesha usiku mmoja tu. Asubuhi mzee mmoja na mkewe wakawasha gari waondoke. Vani nyingi za kulala huvutwa na magurudumu ya mbele, huku kitanda, tangi la maji na baiskeli vyote vikiwa nyuma. Kwa hiyo mbele kulikuwa kwepesi, nyuma kuzito, nyasi zimelowa, na njia ya kutokea inapanda. Gurudumu la kushoto lilizunguka mara mbili tatu, nyasi zikachunika kama ngozi ya mbuzi, likakutana na tope, likazama hadi kwenye rimu. Tulihangaika na mbao na magunia mpaka saa tano, ndipo trekta la jirani likaja kuwavuta. Mzee hakusema neno baya hata moja. Lakini hakurudi tena.

Kwa hiyo kabla ya kitu kingine chochote, jengeni njia kutoka getini mpaka kwenye kila nafasi, na sehemu ya kusimama gari. Ondoeni udongo wa juu kama sentimita 20. Tandikeni kile kitambaa kizito cha wajenzi wa barabara kinachopitisha maji lakini kinazuia kokoto kumezwa na udongo. Wengi hukiruka ili kubana matumizi, halafu baada ya misimu miwili wanajiuliza kokoto zao zimekwenda wapi. Juu yake wekeni kokoto kubwa, zishindiliwe, kisha kokoto ndogo zenye kona. Msidanganywe na changarawe za mtoni, zile laini za mviringo. Zinapendeza, ila chini ya tairi huviringika kama gololi. Njia iinuliwe kidogo katikati ili maji yakimbilie pembeni.

Sehemu ya gari yenyewe haihitaji kuwa kubwa: ukanda wa upana wa mita 3 na urefu wa mita 8 unatosha magari mengi. Pembeni, upande wa mlango, acheni nyasi. Pale ndipo kiti, meza na mbwa vitakapokaa, na ndipo mgeni atakapohesabu kwamba amekuja kambini na si kwenye yadi ya malori.

Usawa wa ardhi ni jambo ambalo mtu asiyewahi kulala garini hulidharau. Chukueni ubao ulionyooka wa mita 4, ambao ni karibu na umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ya vani kubwa, muulaze na kuweka pimamaji juu yake. Ncha moja ikizidi nyingine kwa sentimita 4, huo ni mteremko wa asilimia 1. Maji yatatiririka na mgeni hatahisi kitu. Ikizidi kwa sentimita 12, atatoa kabari zake za plastiki na kuanza kupanda na kushuka huku mkewe akimwelekeza kwa mikono, na jirani zao wote watakuwa wanatazama. Kuna na sababu ya kifundi. Baadhi ya friji za magari haya hazina kompresa, ile pampu ya friji ya nyumbani. Hutumia joto la gesi au umeme kuzungusha amonia, na kimiminika ndani yake hushuka kwa uzito wake tu. Gari likiinama sana, friji haipoi. Mgeni atalaumu friji siku ya kwanza. Siku ya pili atalaumu kiwanja chenu.

Sasa ukubwa. Vani ndogo ya mtindo wa zamani wa Volkswagen ina urefu wa mita 4.5 hivi na haizidi sana mita 2 kwenda juu. Ile iliyojengwa ndani ya vani ya mizigo kama Fiat Ducato huwa na karibu mita 6, nyingine hupita hapo kidogo. Yenye mwili wa nyumba kabisa hufika mita 7 na zaidi, upana wa mita 2.3 bila kuhesabu vioo, na kimo cha kama mita 3. Kwa hiyo geti liwe na mita 4. Mita 3 zinatosha gari linaloingia moja kwa moja, lakini hakuna anayeingia moja kwa moja kutoka barabarani. Anakata kona, na gari lenye mkia mrefu nyuma ya magurudumu hupeperusha mkia huo upande wa pili, ukaenda kugonga nguzo. Geti lirudishwe ndani kama mita 10 kutoka barabarani ili dereva asimame kulifungua bila kuziba njia ya watu. Matawi yote juu ya njia yakatwe hadi kimo cha mita 4.

Na nafasi 25 katika ekari mbili? Ekari mbili ni kama mita za mraba 8,100, kwa hiyo kwenye karatasi zinaenea. Lakini toeni njia, kona za kugeuzia, mahali pa kumwagia, na umbali kati ya gari na gari. Masharti ya mfano yanayotumika Uingereza kwa viwanja vya namna hii yanataka mita 6 kati ya magari ya familia mbili tofauti, sababu kubwa ikiwa moto: magari haya yamejaa mbao nyepesi, plastiki na mitungi ya gesi. Mimi ningeanza na nafasi 8, nikazipanga kwa mshazari pande mbili za njia, kama miba ya samaki kwenye uti wake. Mshazari una faida mbili: dereva anaingia bila kugeuza usukani mara tano, na mlango wa huyu hautazamani na mlango wa yule. Nafasi mbili kati ya hizo ziwe za kupitiliza, yaani gari linaingilia upande huu na kutokea ule, kwa ajili ya wale wa mita 7 na wale waliochoka kiasi cha kutotaka kurudi nyuma.

Miti msiikate yote kwa furaha ya kusafisha uwanja. Mwenye gari la bati kwenye jua kali atataka kivuli, na mwenye paneli za sola juu ya paa atakikimbia. Wapeni wote wawili. Ila chini ya mti unaodondosha utomvu au matunda, au ambao ndege wanaulalia, msiweke nafasi. Wekeni benchi.

Tuje kwenye machafu. Hapa ndipo kambi nyingi huharibikiwa, kwa sababu mwenye kiwanja huona haya kulifikiria jambo lenyewe kwa makini. Simameni siku moja karibu na mtu anayemwaga kaseti ya choo, yaani kasha linalopokea uchafu wa kile kachoo cha garini, mtajua cha kujenga. Anafungua kimlango ubavuni mwa gari, anavuta kasha linalofanana na sanduku la safari, la lita 17 hadi 20 hivi. Analiburuta kwa magurudumu yake madogo, na njia ikiwa ya kokoto nene itabidi alibebe, zito kama ndoo kubwa iliyojaa maji. Akifika anageuza shingo ya kumwagia, anafungua kifuniko, analiinamisha taratibu huku kidole gumba kimebonyeza kitufe cha kuingizia hewa, ili yaliyomo yasitoke kwa mikupuo na kumrukia miguuni. Kisha anataka maji ya kusuuza, mara mbili. Na wakati wote huo kile kifuniko kiko mkononi, hajui akitue wapi.

Basi mjengeeni hivi: sinki pana la usawa wa goti, lenye tundu la bomba la inchi 4, si la inchi 2. Kuta za nyuma ziwe za vigae au bati lisiloshika kutu, maana yataruka tu. Mpira wa kusuuzia uliofungwa ukutani. Kirafu cha kifuniko. Sakafu ya saruji inayoteremkia ndani, na njia laini ya saruji ya kufika hapo. Taa. Bomba dogo la kunawia na sabuni. Ni kijijengo ambacho fundi mmoja anakimaliza kwa siku chache, na nawaambia kitawaletea wageni wengi kuliko lile bwawa. Wapo watakaogeuza gari njiani kwa ajili ya kumwaga tu. Hao watozeni ada ndogo, wengine wataishia kulala.

Yaende wapi baada ya hapo? Msiyaelekeze kwenye tangi la maji taka la nyumba yenu kabla ya kuongea na mtu anayelijua. Tangi la namna hiyo linafanya kazi kwa sababu lina bakteria hai wanaomeng'enya uchafu, na baadhi ya dawa za vyoo vya magari zina fomaldehaidi, ambayo imewekwa humo makusudi kuua bakteria hao hao. Kaseti moja haidhuru sana. Nne kwa siku, msimu mzima, zitaliua tangi, na mtajua kwa harufu. Suluhisho rahisi ni tangi la pekee lililozibwa, linalonyonywa na gari la maji taka. Hesabu yake ni hii: watu wawili hujaza kaseti kwa siku mbili hivi, kwa hiyo magari 8 huleta kaseti 4 kwa siku, lita 80, na maji ya kusuuza lita 80 nyingine. Tangi la lita 5,000 litadumu kama mwezi mmoja kambi ikiwa imejaa. Bado wekeni kibao kinachoomba dawa zisizo na fomaldehaidi.

Maji ya vyombo na kuogea ni habari nyingine. Hayo hukaa kwenye tangi chini ya gari na hutoka kwa koki iliyo tumboni, kila gari mahali pake. Mgeni hawezi kuyabeba, anataka kulipitisha gari juu ya shimo. Mwageni sakafu ya saruji ya upana wa gari, iinamie katikati, na hapo katikati wekeni wavu wa chuma imara na mfereji chini yake. Kabla ya maji kuendelea mbele yapite kwenye kishimo cha kunasa mafuta, ambacho mtakisafisha wenyewe kwa mkono. Nawapa pole mapema.

Bomba la maji safi liwe mbali na hapo. Sisemi hatua mbili tatu. Liwe upande mwingine wa njia, na picha ya glasi ya maji juu yake. Ule mpira wa kusuuzia kaseti mtu atauchomeka ndani ya kaseti, hata mkiandika kibao kwa herufi za dhahabu. Kwa hiyo mstari wake uwekewe vali ya njia moja ili maji machafu yasinyonywe kurudi kwenye bomba presha ikishuka. Presha yenyewe ipimeni kwa ndoo na saa: bomba linalotoa lita 10 kwa dakika hujaza tangi la lita 100 kwa dakika 10, na hiyo inavumilika. Likitoa lita 4, asubuhi mtakuwa na foleni ya magari na madereva wanaokodoleana macho.

Umeme si lazima siku ya kwanza, kwa kuwa wengi wana sola na betri. Mkiamua kuuweka, msiukadirie kwa jicho. Soketi iliyozoeleka ni ile ya buluu ya pini tatu ya ampea 16. Kwenye nchi za volti 230, gari moja likitumia ampea zote 16 linavuta wati 3,680. Manane ni karibu kilowati 30, ambazo laini ya nyumba ya kawaida haina. Wekeni breka ya ampea 6 kwa kila nafasi, yaani wati 1,380: inachaji betri, inaendesha friji na feni. Birika la nyumbani la wati 2,000 litaikata. Semeni hivyo tangu mwanzo, kwenye kibao cha soketi yenyewe. Penye volti 120, kama Marekani, soketi na hesabu ni nyingine.

Kitu kinachosahaulika ni unene wa waya. Peleka ampea 16 umbali wa mita 100 kwa waya wa milimita za mraba 2.5, utapoteza karibu volti 24 njiani, zaidi ya asilimia 10. Kwa waya wa 10 utapoteza kama volti 6. Tofauti ya bei inauma siku ya kununua tu. Na kila soketi iwe na kinga yake ya kukata umeme unapovuja, ya miliampea 30, si kinga moja kwa zote. Bila hivyo waya uliolowa wa mgeni mmoja utawazimia wote saa nane za usiku, na atakayeamshwa ni wewe. Soketi ziwe kati ya nusu mita na mita moja na nusu kutoka ardhini. Kazi hii afanye fundi umeme mwenye leseni. Hapa hakuna cha kujaribu.

Bafu? Moja, mwaka wa pili, lenye maji moto ya kweli na ndoano tatu za nguo. Bafu moja safi linamridhisha mgeni kuliko sita ambazo mtashindwa kuzisugua kila asubuhi.

Kibali cha matumizi ya ardhi na bima vije kabla ya koleo la kwanza, na ombeni kwa idadi ndogo, maana sehemu nyingine udogo wenyewe ni nafuu. Uingereza, kwa mfano, chini ya sheria ya mwaka 1960 vyama vyenye idhini vinaweza kukipa cheti kiwanja cha magari yasiyozidi 5, na mwenyewe hahitaji leseni kamili ya kiwanja. Ulizeni kwenu kama kuna mlango wa namna hiyo. Mwenye bima mwambieni wazi kwamba wageni watakuwa na mitungi ya gesi. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, ikivuja hujikusanya mabondeni na mashimoni, kwa hiyo mashimo yenu ya mabomba yasiwe karibu na magari.

Bei itozwe kwa gari na watu wawili, umeme kwa mita yake. Kabla ya kuipanga, fanyeni hesabu hii ya kikatili: nafasi 8 kwa mwaka ni malazi 2,920, kila moja likiwa gari moja kwa usiku mmoja. Chukueni robo, 730. Kama 730 hazilipi bima, gari la maji taka na jasho lenu, msifungue bado. Mimi siamini hesabu yoyote ya mwaka wa kwanza inayozidi robo.

Wageni wenyewe hutafutana kwenye simu, kwa programu kama Park4Night na iOverlander, na huaminiana kuliko wanavyoliamini tangazo. Andikeni pale ukweli wote mkavu: upana wa geti, urefu wa gari mnaoweza kuupokea, kama sehemu ya kumwagia ipo, simu inashika au haishiki. Mgeni aliyeambiwa kwamba hakuna bafu hanung'uniki. Anayenung'unika ni yule aliyelikuta limefungwa. Jenereta zizimwe saa mbili usiku, bila ubaguzi hata kwa mgeni wa wiki nzima.

Kabla ya kufungua, tafuteni mtu mwenye gari refu kuliko yote mnaloweza kulipata, mwalike alale bure usiku wa mvua. Msimwongoze. Kaeni mbali na fungu la vijiti, mtazame anavyoingia, anavyogeuza, anavyotafuta bomba, anavyotoka asubuhi. Kila mahali atakaposimamisha gari akashuka kwenda kuangalia nyuma, chomekeni kijiti. Fundi akija, mwonyesheni vijiti badala ya mchoro.